Hesabu za Diski katika Kompyuta Kuukuu

Miongoni mwa kazi za ufundi ambazo watu huzidharau kwa wepesi wake wa nje, na ambazo baadaye huwalipa dharau hiyo kwa hasara, mojawapo ni hii ya kufunga diski ngumu katika kompyuta ya mezani iliyokwisha kula miaka, na kuigawa diski hiyo kabla ya kuipakia mfumo endeshi. Kwa atazamaye juu juu, kazi yenyewe ni skrubu nne, nyaya mbili na maswali machache ya kwenye skrini. Na kwa mashine za leo huenda asiwe amekosea sana. Lakini mashine kuukuu, yaani zile za Pentium III na Pentium 4 zilizotoka viwandani baina ya mwaka 1999 na 2006, ambazo mpaka hii leo utazikuta zikifanya kazi katika vyumba vya kuchapia, mashuleni na nyuma ya kaunta za maduka, zina masharti yake, na masharti hayo hayakuandikwa juu ya kasha. Rai ninayokusudia kuitetea ni kwamba takriban kila balaa linalomfika fundi katika kazi hii limezaliwa na hesabu: palikuwa na mtu zamani aliyeamua kwamba tarakimu kadhaa zitatosha, na diski zilizokuja baada yake zikazizidi. Anayezijua hesabu hizo hufanya kazi kwa utulivu. Asiyezijua hushinda akifungua na kufunga kasha, huku akiilaumu diski isiyo na kosa.

Yafaa kwanza kuuliza kwa nini mtu ajisumbue. Kompyuta ya umri huo haina thamani kubwa sokoni, na simu ya mkononi ya leo huishinda kwa kasi. Jawabu ni kwamba diski ni kiungo kinachokufa mapema, maana ndani yake mna vitu viendavyo: sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani hizo kwa mwanya mwembamba kuliko chembe ya vumbi, ilhali katika madabodi, prosesa na kumbukumbu hakuna kinachotembea. Hivyo mashine nzima huhukumiwa kwa kifo cha kiungo kimoja. Fauka ya hayo, ziko mashine zisizobadilishika kwa urahisi: ya duka la vipuri yenye programu ya hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows 98, ya karakana inayoendesha mtambo wa kutarizi au wa kukata chuma kwa kupitia tundu la printa la kizamani, ya maabara ambayo kipimo chake hakikuandikiwa programu nyingine. Kwa wenye mashine hizo, diski ni riziki.

Kabla ya diski yenyewe, niruhusiwe kusema neno moja la umeme, kwa kuwa nimekwisha kuona mashine nzima zikiteketea kwa kulikosa. Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani za mtumba katika miji yetu zimetoka ng'ambo, na zile zilizotoka Marekani zililelewa kwa umeme wa volti 120, hali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zama hizo pana swichi ndogo nyekundu yenye nambari 115 na 230, na fundi aliyeisahau kwenye 115 akachomeka waya ukutani atasikia mlio mmoja, kisha moshi. Swichi hiyo na itazamwe mwanzo. Halafu waya wa ukutani uchomolewe kabisa, mkono uguse bati tupu la kasha ili umeme tuli ulioko mwilini utoke, na diski ishikwe kwa mbavu zake, wala si kwa upande wa saketi.

Diski za mashine hizi ni kabila mbili. Ya kwanza ni IDE, ambayo wengine huiita PATA, iliyozuka katikati ya miaka ya 1980 kwa kazi ya Western Digital na Compaq, nayo huungwa kwa utepe mpana wa nyaya wenye kichwa cha matundu 40. Ya pili ni SATA, iliyoingia sokoni mwaka 2003, yenye waya mwembamba wa data wa pini 7 na wa umeme wa pini 15. Mashine za mwaka 2003 na kuendelea aghalabu zina matundu ya kabila zote mbili. Za kabla ya hapo zina IDE tu, na mwenye kutaka kuzitia diski ya SATA sharti apachike kati kibao kidogo cha kugeuzia, kinachopatikana kwa bei nafuu na ambacho kwa kadiri ya uzoefu wangu huelewana na baadhi ya diski kikakataa nyingine bila ya kutoa sababu.

Utepe wa IDE wataka kutazamwa kwa karibu. Ukingo wake mmoja una mstari mwekundu, na huo ndio upande wa pini ya kwanza. Kwenye diski, upande huo kwa kawaida huelekea tundu la umeme. Katika safu za pini, pini ya 20 imeng'olewa tangu kiwandani, na mahali pake kwenye kichwa cha utepe pamezibwa, ili asije mtu akaupachika kinyumenyume. Lakini tepe za kale kabisa hazina kizuizi hicho. Na ndiyo maana fundi mzoefu akiona taa ya diski imewaka tangu mashine ilipowashwa wala haizimiki, hujua kabla hajashika bisibisi kwamba utepe umegeuzwa. Tangu zama za kasi ya Ultra DMA/66, tepe zikawa na nyaya 80 ingawa matundu yalibaki yale yale 40: nyaya za ziada ni za ardhi, zimepitishwa baina ya zile za data ili msukosuko wa mmoja usiingie kwa jirani yake. Kichwa cha buluu huingia madabodi, cheusi cha mwisho huingia diski iliyo masta, yaani ya kwanza katika utepe huo, na cha kijivu cha katikati huingia slevu, yaani ya pili. Diski ikiwa moja tu, ipachikwe mwisho wa utepe, kwani ncha iliyoachwa ikining'inia hurudisha mawimbi nyuma na kuyavuruga yanayokuja. Na fundi akitia utepe wa nyaya 40 kwa kubana matumizi, mashine haitalalamika. Itashuka kimya kimya hadi megabaiti 33 kwa sekunde, na mwenyewe atasema kompyuta imezeeka.

Kuna na jampa, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, ambacho huziba jozi moja ya pini mgongoni mwa diski. Diski mbili zinazotumia utepe mmoja, lazima moja iwe masta na ya pili slevu, au zote zipangwe kwenye alama ya CS, ambayo huacha mahali pa diski kwenye utepe paamue. Zikiwa masta zote mbili, BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha mashine, ama haitaona hata moja ama itaona moja kwa jina lililoharibika. Mafundi wengi huijua kanuni hii, ila baadhi yao hawajui kwamba diski za Western Digital zimetenga hali tatu badala ya mbili, kwa kuwa diski iliyo peke yake haihesabiwi sawa na masta mwenye slevu wake, na jampa iliyoachwa mahali pa masta hali hakuna slevu yaweza kuifanya BIOS imngoje mgeni asiyekuwapo. Ramani ya jampa imechapwa kwenye karatasi iliyo juu ya diski. Isomwe kabla ya kukaza skrubu, maana ikishafungwa kwenye bati haionekani.

Hayo yote ni kazi ya mkono, na mkono hujifunza upesi. Kiini cha mambo kiko katika anwani.

Tangu zama za IBM PC, BIOS ilikuwa ikitaja mahali pa diski kwa nambari tatu: silinda, kichwa na sekta, kila sekta ikibeba baiti 512. Waliobuni BIOS walitenga nafasi ya kuhesabu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Waliobuni IDE, nao kwa upande wao, walitenga silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila kundi lilikuwa karimu kwa namna yake: hesabu ya BIOS pekee ingefika kiasi cha gigabaiti 8.4, na ya IDE pekee karibu gigabaiti 137, vipimo ambavyo katika miaka ya 1980 vilikuwa sawa na ndoto. Lakini makundi hayo mawili yalipokutana ndani ya kasha moja, kila nambari ilibidi ishuke kwenye ile iliyo ndogo baina ya pande mbili, kwani upande mmoja hauwezi kutaja usichoweza mwenziwe kusikia. Hivyo silinda zikawa 1,024 za BIOS, vichwa vikawa 16 vya IDE, na sekta zikawa 63 za BIOS, na jumla yake, ukizidisha kwa 512, ni baiti 528,482,304 tu. Kwa sababu hiyo, kompyuta za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 hazikuona zaidi ya megabaiti 528 hata ungezipa diski ya ukubwa gani. Hapakuwa na aliyekosea. Ukarimu wa pande mbili, kwa kukosa kushauriana, ulizaa uchoyo. Na sijui mfano mwingine katika ufundi huu unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mipaka ya mashine inavyopatikana.

Ukuta huo ulivunjwa kwa hila: BIOS ikawa inaambiwa kwamba diski ina vichwa 255 na silinda chache, uongo ambao pande zote ziliujua na kukubaliana nao, na mpaka ukasogea hadi gigabaiti 8.4. Ulipofikiwa huo pia, ikaachwa kabisa hesabu ya silinda na vichwa, na sekta zikahesabiwa moja baada ya nyingine kuanzia sifuri. Hapo katikati pakazuka ukuta wa gigabaiti 33.8 katika baadhi ya BIOS za kampuni ya Award za kabla ya katikati ya mwaka 1999, ambazo zikionyeshwa diski kubwa zaidi ya hapo husimama zilipo wala haziendelei. Na viwanda vya diski, kwa kuwahurumia wenye mashine hizo, vikatia katika diski nyingi jampa maalumu ya kuifanya diski ijitangaze kuwa na gigabaiti 32 tu. Ikiwa Pentium III imeganda pale inapotafuta diski, jampa hiyo na ijaribiwe kabla ya kuitupa mashine.

Kwa mashine zetu za Pentium 4, ukuta wa kuogopwa ni ule wa gigabaiti 137. Anwani ya IDE ilikuwa na tarakimu 28 za namna mbili, sifuri na moja, na tarakimu 28 zinahesabu sekta 268,435,456, sawa na baiti 137,438,953,472. Kanuni ya IDE iitwayo ATA-6, ya mwaka 2002, iliongeza tarakimu zikawa 48, na suala hilo kwa upande wa diski likaisha kwa muda mrefu ujao. Lakini diski siyo peke yake inayohesabu: BIOS nayo huhesabu, na mfumo endeshi kadhalika. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 haikujua kuhesabu zaidi ya tarakimu 28. Ilifunzwa kwa kifurushi cha masahihisho kiitwacho Service Pack 1, mwaka uliofuata. Windows 98 haikufunzwa kabisa na watengenezaji wake.

Naomba msomaji alitafakari hili kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo diski inapomdhuru mtu bila kumwonya. BIOS mpya kidogo yaweza kuiona diski ya gigabaiti 160 yote, na programu ya kugawa inayoitegemea BIOS hiyo ikaigawa yote, na Windows 98 ikapakiwa juu yake na kufanya kazi vizuri. Mwenye mashine akahifadhi barua, hesabu na picha kwa miezi, na asione dosari. Siku data inapovuka gigabaiti 137, Windows hutaka kutaja anwani ndefu kuliko nafasi iliyonayo. Tarakimu ya juu hukatika, na anwani iliyokatika hiyo huangukia mwanzo wa diski. Mashine huandika, kwa utii kamili, faili mpya juu ya jedwali la sehemu na orodha ya faili zote. Kesho yake diski ni tupu, na fundi aliyeifunga hakumbukwi kwa wema. Kwa hiyo kwa mashine yoyote ambayo haikuthibitika kwamba BIOS yake na mfumo wake vyote vinahesabu tarakimu 48, nasema bila ya kusita: nunua diski ya gigabaiti 80 au 120, wala usitamani kubwa zaidi. Na usishangae ile ya 80 ikijitangaza kwenye Windows kuwa 74.5, kwani kiwanda huhesabu gigabaiti kwa baiti bilioni moja, na Windows huihesabu kwa 1,073,741,824, wala hakuna aliyekuibia.

Diski ikishaonekana kwa ukubwa wake wa kweli, ndipo hufuata kuigawa. Sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti zake 512, imegawanywa yenyewe kwanza: baiti 446 ni za programu ndogo ya kuiamsha mashine, 64 ni za jedwali la sehemu, na mbili za mwisho ni alama, 55 na AA, ambayo ikikosekana BIOS haiamini kwamba pana kitu. Jedwali lina mistari minne, kila mstari baiti 16. Hili ni daftari la viwanja: limeandika kiwanja kinaanzia wapi, kina ukubwa gani na kimetengwa kwa matumizi gani, wala halijui lolote juu ya nyumba iliyosimama humo. Ukifuta mstari, nyumba haijabomolewa. Daftari limenyamaza tu. Nitairudia hoja hii, maana ina faida na ina hatari. Utaratibu wenyewe ulikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, pamoja na IBM PC XT iliyokuwa na diski ya megabaiti 10, na kwa megabaiti 10 mistari minne ilikuwa ya anasa. Ilipokuja kutotosha, ukaruhusiwa mstari mmoja kati ya minne uwe sehemu ya nje, ambayo ndani yake huweza kukatwa sehemu nyingine nyingi. Ndiyo maana programu za kugawa hukuuliza kama unataka sehemu ya msingi au ya ndani. Mfumo wa Windows uamshwe kutoka sehemu ya msingi, na sehemu hiyo itiwe alama ya kuwa hai. Anayegawa kwa programu ya zamani ya FDISK na kukata sehemu zaidi ya moja akasahau alama hiyo atamaliza kazi yote kwa usahihi, kisha mashine itamwambia kuwa haioni mfumo endeshi. Mipaka ya jedwali hili kwa upande wa juu, yaani terabaiti 2.2, haituhusu sana katika mashine za namna hii, nami nitaipita.

Je, diski igawanywe sehemu ngapi? Hapa mafundi wameshika madhehebu, na wengi wao hushikilia desturi ambayo sababu yake ilikwisha kufa. Zama za mfumo wa faili wa FAT16, sehemu moja haikuweza kuzidi gigabaiti 2, hivyo aliyekuwa na diski ya gigabaiti 10 hakuwa na hiari. Ilimlazimu kuwa na herufi tano, kuanzia C hadi G. Na hata kama angeweza kuunganisha, isingemfaa, kwa sababu katika sehemu ya gigabaiti 2 kipimo kidogo kabisa cha nafasi kilikuwa kilobaiti 32: barua ya mistari mitatu ilikaa kilobaiti 32 kamili, na mwenye faili ndogo ndogo elfu kumi alipoteza nafasi nyingi kwa hewa tupu. FAT32, iliyokuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, iliondoa dhiki hiyo. Lakini mkono uliozoea kukata vipande vitano haukuacha. Na mpaka leo utaletewa mashine yenye sehemu C ya gigabaiti 10 iliyojaa hadi Windows inashindwa kujisahihisha, huku D, E na F zikiwa karibu tupu.

Rai yangu ni sehemu mbili. Ya kwanza, ya mfumo na programu zake, gigabaiti 30 kwa Windows XP au hata chini yake. Ya pili, ya kazi za mwenyewe, chote kilichobaki. Faida ya kutenga ni moja tu lakini ni ya kweli: mfumo ukiharibika, sehemu ya kwanza hufutwa na kupakiwa upya bila ya kugusa barua na hesabu za mtu. Tena sehemu ya kwanza hukaa ukingoni mwa nje wa sahani, ambako njia ni ndefu na data hupita kwa kasi kubwa kuliko ndani. Wasemao kwamba kutenga sehemu ni hifadhi ya data wanajidanganya, maana sehemu zote mbili zinazungushwa na mota moja na kusomwa na vichwa vilevile, na mota ikifa hakuna sehemu itakayosalia kumlilia mwenziwe. Nakala ya pili ikae nje ya kasha.

Kuhusu aina ya mfumo wa faili, kwetu sisi suala hili huamuliwa na umeme unaokatika. FAT32 haiweki kumbukumbu ya kile ilichokuwa ikifanya. Umeme ukizima katikati ya kuandika, hubaki na vipande vya faili visivyo na mwenyewe, na Windows 98 ikiwaka tena huanza kuipekua diski nzima. NTFS, iliyotoka na Windows NT mwaka 1993, huandika kwanza nia yake katika daftari, ndipo ikatenda, hivyo ikizimwa ghafla hujua ilipoishia. Na kwa Linux, ext3 iliingiza utaratibu kama huo mwaka 2001. Mwenye Windows XP hana sababu ya kuchagua FAT32, ila kama diski hiyo itabidi isomwe na Windows 98. Pamoja na hayo, FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na Windows XP yenyewe hukataa kufomati kwa FAT32 sehemu inayozidi gigabaiti 32, ingawa ikipewa iliyokwisha kufomatiwa kwingine huitumia bila ya neno.

Zipo na hitilafu mbili zinazowapata hasa wale wanaotia diski mpya katika mashine kuukuu. Ya kwanza: Windows XP huanzisha sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 63, urithi wa zile sekta 63 za BIOS, hali diski zilizotengenezwa tangu mwaka 2010 au karibu yake nyingi zina sekta za ndani za baiti 4,096, yaani nane za zamani kwa moja; na kwa kuwa 63 haigawanyiki kwa nane, kila kipande kinachoandikwa hupanda mpaka wa sekta mbili, na diski hulazimika kusoma, kusahihisha na kuandika mara mbili. Mashine itakuwa nzito na hakuna kirusi utakachokipata. Dawa yake ni kugawa diski hiyo kwa programu ya kisasa, kama vile GParted, sehemu ianzie sekta ya 2,048, kisha XP ipakiwe juu ya sehemu iliyokwisha kukatwa. Ya pili huwapata wenye SATA: CD ya kupakia XP haina programu ya kuendesha SATA katika hali yake iitwayo AHCI, na kupakia hukomea kwenye skrini ya buluu yenye nambari 0x0000007B. Ama fundi abonyeze F6 na kuitia programu hiyo kwa diski laini, kama angali nayo na kiendeshi chake kingali kizima, ama aingie BIOS na kuirudisha SATA katika hali ya IDE. Mimi hufanya hili la pili. Na tukiwa ndani ya BIOS, itazamwe saa: ikiwa kila mashine inapowashwa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekufa, na mipangilio yote ya diski itasahauliwa pamoja na saa.

Diski za IDE mpya hazitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata dukani karibu kwa yakini imekwisha kutumika, hata ikiwa imefungwa katika plastiki mpya. Iulizwe yenyewe. Kila diski ya miaka hiyo huweka daftari la afya yake, na programu kama CrystalDiskInfo hulisoma kwa dakika moja: tazama idadi ya saa ilizowaka, ukikumbuka kuwa mwaka mzima bila ya kuzimwa ni saa 8,760, na tazama idadi ya sekta zilizohamishwa kwa kuharibika. Saa nyingi huvumilika. Sekta zilizohamishwa zikiwa zaidi ya sifuri na zikawa zinaongezeka, rudisha diski na udai pesa zako.

Sasa narudi kwenye lile daftari lililonyamaza. Kwa kuwa kufuta sehemu ni kufuta baiti 16 tu, fundi aliyefuta kwa makosa asikate tamaa. Asiandike chochote juu ya diski hiyo, na atumie programu ya TestDisk, ambayo huipekua diski ikatafuta mipaka ya zamani na kuirejesha. Lakini kinachomwokoa fundi ndicho kinachomfedhehi muuzaji. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya diski 158 za mtumba walizozinunua: katika 129 zilizokuwa zikifanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa kikweli, na ndani ya zilizobaki mlikuwa na nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000. Hata kufomati kamili kwa Windows XP hakuandiki juu ya data. Hupima tu kama sekta zinasomeka. Windows Vista ndiyo ya kwanza katika ukoo huo kuandika sifuri diski nzima. Diski iliyotoka ofisi ya mtu Ulaya na kufika Kariakoo, au iliyotoka zahanati ya Mombasa na kuuzwa Nairobi, yaweza kuwa imebeba siri ambazo mnunuzi hakuziomba na mwenyewe hajui kwamba amezitoa. Kwa mnunuzi, hiyo ni amana: asipekue, aandike sifuri toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kugawa, na faida ya ziada ni kwamba diski mbovu itajifichua katika kazi hiyo hiyo. Na wewe unayekusudia kuuza mashine yako, ipitishie diski yake programu ya kufutia iitwayo DBAN kwanza, uiache imalize hata kama itachukua usiku kucha, ndipo upokee pesa.